Chimba Mawili Mafupi: Kuchimba Choo kwa Nguvu za Familia

Mita ya kwanza humdanganya mchimbaji. Udongo wa juu ni laini, mizizi ya nyasi imeulegeza, chepe linazama kwa mguu mmoja, na kabla jua halijakolea mtu amefika magotini akidhani kazi inakwenda mbio. Akifika kiunoni udongo unabadilika rangi na ugumu. Akifika kifuani mikono inaanza kurusha udongo juu ya mabega. Akizama kichwa, kila kilo anayoikata inahitaji mtu wa pili juu, kamba na ndoo, na kuta zinazomzunguka zinaweza kuporomoka bila kumpa nafasi ya kupiga kelele. Wengi huishia hapo, shimo likabaki nusu mpaka masika yakalijaza maji. Wengine huendelea kwa ubishi, na kila mwaka wapo wanaofukiwa.

Kwa familia inayotaka kujichimbia choo yenyewe, ushauri wangu ni mmoja: achana na shimo moja la futi 12 au 15. Chimba mashimo mawili, kila moja la kina cha mita moja na nusu, uyatumie kwa zamu. Mafundi wa kuchimba hulipwa kwa futi, na bei ya kila futi hupanda kadiri wanavyoshuka, kwa sababu wanajua hatari inapanda vilevile. Wewe unayetumia nguvu zako huna sababu ya kwenda kule ambako hata fundi anadai nyongeza.

Hesabu yenyewe ni hii. Choo kinachotumiwa na watu wanaotawaza kwa maji hujaa polepole, maana maji hunyonywa na ardhi na kinyesi huoza kikapungua. Kwa shimo linalotumika miaka michache tu, panga lita 60 kwa kila mtu kwa mwaka. Familia ya watu watano basi huweka lita 300. Shimo la duara lenye upana wa ndani wa mita 1.2 na kina cha mita 1.5, ukiacha nusu mita ya juu bila kujazwa, lina nafasi ya lita zaidi ya 1,100. Hiyo ni miaka mitatu na nusu au zaidi kidogo. Hata kama nyumba inatumia karatasi na ukaongeza nusu ya makadirio, bado unapata miaka miwili na nusu. Likijaa unalifunga na kuhamia la pili. La kwanza likipumzika miaka miwili kamili, kilichomo kimegeuka udongo mweusi, na hata mayai ya minyoo, ambayo ni sugu kuliko vijidudu vingine, yamekufa. Unakizoa kwa chepe, unakifukia kwenye mashina ya migomba, na shimo linarudi kazini. Hakuna kuita gari la kunyonya, hakuna kutafuta kona nyingine ya kiwanja kila choo kinapojaa. Katika viwanja vyetu vya mijini vya hatua 20 kwa 20, hilo peke yake ni sababu tosha.

Jirani anayejisifu kwa shimo la futi 20 atakucheka. Mwache. Kina kirefu kina faida moja tu, nafasi, na hasara yake kubwa ni kukaribia maji ya ardhini. Kitako cha shimo kinatakiwa kiwe juu ya maji hayo kwa angalau mita moja na nusu, na mbili ni bora, ili udongo upate nafasi ya kuchuja vijidudu. Shimo refu mabondeni linaweza kuwa linamwaga uchafu moja kwa moja kwenye maji ambayo kisima cha mtaa kinachota. Mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya ilipohimiza kupitia redioni kila kaya ichimbe choo, visima na nyumba vilikuwa na nafasi kati yao. Leo Mbagala au Buguruni choo cha mtu na kisima cha jirani yake vinaweza kutenganishwa na ukuta tu.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni ya macho na mdomo. Pima mita 30 kutoka kisima chochote, chako au cha jirani, na uwe upande wa chini wa mteremko. Kaa mita tatu au zaidi kutoka msingi wa nyumba. Epuka mkondo wa maji ya mvua. Kama huujui, subiri mvua moja uuone. Epuka pia mwembe mkubwa, maana mizizi yake itakuchosha na baadaye itatafuta maji ndani ya shimo. Waulize wazee wa eneo kama kuna shimo la zamani lililofukiwa hapo, na hili nalisisitiza: udongo wa kujaziwa haushiki, na ukitoboa ukuta wa choo cha kale unaweza kufungulia hewa chafu inayoua kwa pumzi chache. Mjini uliza pia kama bomba la maji au waya wa umeme unapita chini. Ofisi ya serikali ya mtaa na afisa afya nao wajue mapema, kwa sababu maeneo mengine wana masharti yao ya kina na umbali, na ni heri kuyasikia kabla jasho halijamwagika.

Chimba wakati wa kiangazi, lakini maji yahesabu kwa masika. Mwezi wa Septemba kisima cha jirani kinaweza kuonyesha maji mita tano chini, na mwezi wa Mei yakawa mita mbili. Muulize anayechota humo kila siku. Yeye anajua kamba inafika wapi kila msimu. Kama masika maji hufika mita tatu au chini ya hapo, unaweza kuendelea. Yakipanda juu zaidi, chimba nusu tu ya kina na ujenge nusu nyingine juu ya ardhi, ukizungushia kifusi kilichoshindiliwa.

Kisha ujue udongo wako. Toboa kishimo chembamba kwa mtaimbo na kopo, kadiri mkono utakavyofika, na ukitazame kinachotoka. Udongo tifutifu mwekundu, unaoshikana ukiufinya na kuvunjika ukiubonyeza, ndio rafiki wa mchimbaji. Kichanga cha Pwani huporomoka hata kabla hujafika kiunoni: hapo utachimba kwa upana zaidi, kuta zikilala kama bakuli, kisha ujenge kuta za tofali na kurudisha mchanga nyuma yake, au ununue pete za zege, uweke moja juu ya ardhi na kuchimba ndani yake huku ikishuka yenyewe, kisha uongeze nyingine. Mfinyanzi mweusi wa mbugani, ule wa Shinyanga na sehemu za Mwanza, hupasuka kiangazi na kuvimba masika, na haunyonyi maji vizuri. Panua mashimo na punguza maji yanayoingia. Ukikutana na jiwe la matumbawe, kama ilivyo sehemu kubwa ya Unguja na mwambao, lipa watu wenye zana na uzoefu. Mwili hauna deni na jiwe.

Ili kujua kama ardhi inanyonya, mimina maji kwenye kile kishimo jioni mpaka yajae, na uyaongeze kabla ya kulala. Asubuhi jaza tena na utazame. Maji yakiwa palepale baada ya saa kadhaa, ardhi hiyo haikufai kwa choo cha maji. Tafuta kona nyingine.

Zana si nyingi, lakini ziwe nzima. Sururu ya kuvunja, chepe la kuzoa, mtaimbo wa kung'oa mawe, jembe la kusawazisha, ndoo mbili za lita 20, kamba, ngazi fupi, timazi na tupa ya kunolea. Watu hunoa panga na kisu lakini hawanoi chepe, na hapo ndipo nguvu nyingi zinapopotea bure. Chepe lililonolewa ukingo hukata mizizi na mfinyanzi kwa uzito wa mguu tu. Mpini uwe laini usio na vibanzi. Kama kichwa cha sururu kinacheza, kigongee kabari, kwa sababu sururu inayochomoka katikati ya pigo humpata aliyesimama karibu. Vaa viatu vigumu au gambuti, glavu, na shati la mikono mirefu.

Kuchora duara ni kazi ya dakika chache na watu huiruka. Pigilia kigingi katikati, funga kamba ya sentimita 75, zungusha ukimwaga majivu au chokaa. Utapata duara la mita moja na nusu. Tofali zikishajengwa ndani yake zitakuachia karibu mita 1.2. Duara ni bora kuliko pembe nne kwa sababu udongo unaosukuma kutoka pande zote hujibana wenyewe, wakati ukuta ulionyooka hutumbukia katikati yake. Chora na shimo la pili sasa hivi, nafasi kati yake na la kwanza isipungue mita moja na nusu. Chimba la kwanza lote, maliza, kisha la pili.

Sasa uzito. Kila shimo la kipimo hicho lina udongo wa mita za ujazo 2.6, zaidi ya tani nne. Ukitoka ardhini huvimba kwa robo hivi, kwa hiyo utakuwa na lundo la zaidi ya mita tatu za ujazo juu. Amua mapema litakaa wapi. Liwe mita moja au zaidi kutoka ukingoni, kwa sababu lundo lililo karibu hulemea ukuta na kuuangusha, na mvua ikija hukurudishia kazi ya jana. Udongo mweusi wa juu uweke kando peke yake kwa ajili ya bustani. Mwekundu wa chini utauhitaji kuinua ardhi kuzunguka choo.

Vijana wawili wenye afya, kwenye udongo wa kawaida, hulimaliza shimo moja kwa siku tatu au nne bila kujiumiza. Anayetaka kulimaliza kwa siku moja ataamka kesho yake hawezi kuinua kikombe. Anza saa 12 na nusu asubuhi, acha saa 4 jua linapokuwa kali, rudi saa 10 jioni. Ndani ya shimo pokezaneni kila baada ya dakika 20 au 30, na anayetoka apumzike kweli, siyo ahamie kwenye toroli. Kunywa maji kikombe cha robo lita kila dakika 15 au 20, hata kama huna kiu; kiu huja mwili ukiwa umeshapungukiwa. Kula kabla ya kuanza: viazi, uji mzito, chochote chenye chumvi kidogo, kwani jasho linaitoa. Mtu akianza kuona kizunguzungu, kichefuchefu au kuongea mambo yasiyoeleweka, mtoe juani, mvue shati, mmwagie maji na kumpepea. Akiendelea hivyo, au akiwa anaongea yasiyoeleweka, apelekwe hospitali bila kungoja.

Mgongo huumizwa na kugeuka zaidi ya kuinua. Ukizoa, kunja magoti kidogo, mkono mmoja ushike mpini karibu na chuma, chepe liwe karibu na tumbo, kisha geuza miguu yote kuelekea unakorusha. Usisimame palepale ukazungusha kiuno huku umebeba kilo saba za udongo. Ukifanya hivyo mara mia tano kwa siku, kiuno kitakujibu. Jaza chepe nusu. Na ukianza kutumia ndoo, ijaze nusu pia, kwa sababu ndoo nzima ya udongo ina kilo 25 na ikikatika kamba inamwangukia aliye chini. Mwenye ngiri, shinikizo la damu lisilotulia au maumivu ya kifua asiingie shimoni kabisa. Kazi za juu zipo, na anayesimamia timazi naye ni mchimbaji.

Ndani ya shimo, vunja katikati kwanza, zoa, kisha kata kando ukishuka. Acha sentimita chache za ukuta bila kuguswa mpaka mwisho, halafu uzichonge kwa chepe kali ukifuata timazi. Weka fimbo ya sentimita 75 kutoka katikati na uizungushe kila unaposhuka nusu mita. Utaona ukuta unapoanza kuingia ndani, kosa linalotokea karibu kila shimo kwa sababu mchimbaji aliyechoka hupunguza upana bila kujua. Ukikuta udongo mgumu unaorudisha sururu, acha kupigana nao. Toboa vishimo kwa mtaimbo jioni, mimina maji, ufunike. Asubuhi utakatika. Usifanye hivyo kwenye kichanga.

Mita moja na nusu maana yake ni kwamba ukisimama wima kichwa kiko nje. Lakini unachimba ukiwa umeinama, na mita moja ya ujazo ya udongo, zaidi ya tani moja na nusu, inatosha kumbana kifua mtu aliyeinama asiweze kuvuta pumzi. Kwa hiyo asichimbe mtu peke yake nyumbani. Awepo mwingine juu, macho yake kwenye ukingo. Ufa unaokwenda sambamba na ukingo, vipande vinavyodondoka bila kuguswa, ukuta uliotuna, maji yanayochuruzika: ukiona chochote kati ya hivyo, toka kwanza, ujadili ukiwa juu. Baada ya mvua usiingie mpaka ukuta ukaguliwe kutoka nje. Mtu akifukiwa, usirukie ndani, maana uzito wako huangusha kilichobaki. Piga yowe majirani waje, piga 114 ya Zimamoto na Uokoaji, na mkifika kwake fukueni uso na kifua kwa mikono, wala si kwa sururu.

Jenereta au pampu ya petroli isishushwe shimoni wala kuwekwa ukingoni. Moshi wake una gesi ya sumu isiyo na harufu ya kukuonya. Ukisikia harufu ya mayai viza wakati unachimba, umekaribia choo cha zamani. Toka, fukia, hamia kwingine. Wapo wanaoshusha mshumaa kupima hewa. Ukizimika ni kweli hapafai, lakini ukiwaka hauthibitishi usalama, na penye gesi ya choo cha kale mwali unaweza kulipua.

Siku ambazo shimo halijakamilika, lifunike kila jioni kwa mbao nzito na uzungushie miiba au mabati. Watoto wa mtaa watavutiwa na lundo lile la udongo mpya, na mbuzi hawaoni gizani.

Kujenga ndani si hiari hata kama udongo ni mgumu, kwa kuwa utalitumia shimo hili miaka mingi na kulizoa mara nyingi. Tumia tofali za kuchoma au za saruji. Tofali mbichi za udongo hulainika. Kutoka chini mpaka nusu mita kabla ya kufika juu, acha nafasi bila saruji kati ya tofali na tofali kwa ubavu, maji yapate pa kupita. Nusu mita ya juu izibe yote kwa saruji, kisha pandisha tofali sentimita 15 juu ya ardhi na ushindilie ule udongo mwekundu kuzunguka, ili mafuriko yasiingie.

Kibanda na sinki la choo vikae kati ya mashimo, mbele yake chemba ndogo yenye njia mbili, moja imezibwa kwa tofali na udongo. Bomba la inchi 4 lishuke sentimita 4 kwa kila mita. Mfuniko wa zege uwe na unene wa sentimita 8, nondo za milimita 8 kila sentimita 15, mchanganyiko wa saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne, na uumwagilie maji kwa siku saba. Umimine kwa vipande vinne. Ukiumimina mmoja utakuwa na uzito unaozidi kilo 300, na siku ya kuufungua hakutakuwa na wa kuuinua.

Shimo la kwanza likijaa, hamisha kizibo cha chemba, tupia juu ya kinyesi tabaka la udongo na majivu, funga, na uandike tarehe kwa rangi kwenye mfuniko wenyewe. Waonyeshe watoto na wapangaji ilipoandikwa. Kabla ya miaka miwili kutimia kutoka tarehe hiyo, lisifunguliwe na mtu yeyote.